Garissa, Mji wa Kivuko

Msomaji, tuseme kwamba wewe u mwenyeji wa Bute, kule kaskazini mwa Wajir karibu na mpaka wa Ethiopia, nawe umeshika njia ya kusini kwenda shule. Vilima vya mpakani vyabaki nyuma yako, na mbele ni nchi tambarare yenye migunga na udongo mwekundu, isiyo na mwisho machoni. Wapita Wajir, mji wa visima vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, ambako ngamia wamenyweshwa maji tangu zamani. Wapita Habaswein, karibu na kinamasi cha Lorian, mahali ambapo mto Ewaso Nyiro, uliozaliwa katika nyanda za juu, hupotea mchangani bila kuiona bahari. Wapita Modogashe. Safari yote hiyo yazidi kilomita 400, na katika safari yote hiyo hukukutana na mto hata mmoja wenye maji ya kudumu. Kisha, jua likiwa limekwisha kukuchosha, waona mstari wa kijani kibichi ukiikata nchi mbele yako, na mabati ya nyumba nyingi, na minara ya misikiti. Umefika Garissa, na ule mstari wa kijani ni mto Tana.

Watu wengi wa Kenya waujua mji huu kwa mambo mawili tu: joto lake na habari za misiba yake. Wachache wajua kwamba Garissa ni mji wenye kanisa kuu. Huenda ukastaajabu kusikia hivyo, kwa kuwa wakazi wake karibu wote ni Waislamu, nawe labda umezoea kufikiri kwamba kanisa kuu ni jengo kubwa la mawe lenye mnara mrefu na kengele nzito. Yafaa basi tuanze kwa kulieleza neno. Kanisa kuu haliitwi kuu kwa ukubwa wa kuta zake. Linaitwa hivyo kwa sababu ndani yake kimewekwa kiti cha askofu. Neno la Kilatini lililozaa jina la makanisa hayo katika lugha za Ulaya, yaani cathedra, halina maana nyingine ila kiti. Katika Uingereza ilikuwa desturi kwa karne nyingi kwamba mji wenye kiti hicho huhesabiwa kuwa jiji, hata kama ni mdogo kuliko miji mingine ya jirani. Ely na Wells ni miji ya namna hiyo. Huko Wales upo mji uitwao St Davids, ambao wakazi wake hawafiki 2,000, nao hata leo una hadhi ya jiji kwa sababu ya kanisa lake kuu.

Miji hiyo ya Ulaya ilikua polepole chini ya kivuli cha makanisa yake. Garissa haikukua hivyo. Ilianza kama kituo cha askari na wakuu wa serikali penye ukingo wa mto, na kiti cha askofu kililetwa baadaye sana, katikati ya watu wa dini nyingine. Tukitaka kujua jambo hilo liliwezekanaje, na mji huo umelipia nini na kupata nini, hatuna budi kuitazama nchi kwanza, kisha wakati.

Garissa yakaa penye ukingo wa mashariki wa mto Tana, kama kilomita 370 kutoka Nairobi kwa njia ya Thika na Mwingi. Kimo chake juu ya usawa wa bahari chapata mita 150 tu. Kwa hiyo hewa yake ni nzito na ya moto, na katika miezi ya Februari na Machi joto hupita nyuzi 35 mchana. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, katika Aprili na Mei, na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Walakini jumla yake kwa mwaka ni kama theluthi moja ya mvua ya Nairobi, na iko miaka ambayo haiji kabisa. Mtu aliyetegemea mvua peke yake katika nchi hii hawezi kukaa mahali pamoja. Ndiyo maana wenyeji wake wengi ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, ambao maisha yao ni kufuata majani na maji.

Lakini mto hautegemei mvua ya Garissa. Hili ni jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa jiografia yampasa alishike. Tana ndio mto mrefu kuliko yote ya Kenya. Urefu wake wafika kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, huteremka kwa kasi, kisha hupinda kuelekea kusini na kuingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kutoka Garissa hadi baharini mto hauna mteremko mkubwa tena. Hujikunjakunja kama nyoka, huacha njia yake ya zamani na kujifanyia mpya, na kila upande wake hulea ukanda mwembamba wa mikoma, mikuyu na mashamba. Kutoka hapo ukanda huo ukienda mbali kidogo, nchi hurudi kuwa kavu kama ilivyokuwa.

Kwa sababu hiyo mji huu waweza kupatwa na mafuriko siku ambayo mbingu yake ni safi na udongo wake ni mkavu. Mvua imenyesha Nyeri, Meru na Murang'a, na baada ya siku chache maji yafika Garissa. Ilikuwa hivyo mwaka 1961, ikawa hivyo tena mwaka 1997, na 2018, na 2024. Katika mwaka huo wa mwisho barabara ya kwenda Nairobi ilifunikwa na maji upande wa pili wa daraja, na watu wakavushwa kwa mashua palepale ambapo magari yalizoea kupita. Tangu Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano yamejengwa juu ya mto huu ili kuipatia nchi umeme. Mabwawa hayo hupunguza nguvu ya mto, lakini yakijaa, maji ya ziada huteremka yote, na wakulima wa ukingoni huhama na mali zao vichwani.

Kabla ya kuwako daraja na afisi, palikuwako watu. Wapokomo walilima katika ukingo wa mto kuelekea baharini, wakifuata kupwa na kujaa kwa maji yake. Karibu na Garissa yenyewe waliishi Wamunyoyaya, na chini yao Wamalakote, ambao pia ni watu wa mto, wa jembe na mtumbwi. Nyikani, pande zote mbili, walitawala Waorma na ng'ombe wao. Kisha katika karne ya kumi na tisa Wasomali walivuka mto Juba wakitafuta malisho, na kwa vita, maradhi na mapatano, nguvu za Waorma zilivunjika. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mifugo ya Wasomali ilikuwa imekwisha kufika Tana na kunywa maji yake.

Angalia basi hali ilivyokuwa. Mkulima wa mto alihitaji maziwa, nyama na ngozi. Mfugaji alihitaji nafaka, na zaidi ya nafaka alihitaji njia ya kuyafikia maji. Njia hiyo, ambayo mifugo huteremkia mtoni ikipita kati ya mashamba, ilikuwa mara nyingine chanzo cha ugomvi na mara nyingine chanzo cha urafiki. Watu hao walibadilishana mali, walipigana, wakasuluhishwa na wazee wao, wakabadilishana tena. Mto ulikuwa mahali pa kukutania.

Serikali ya Kiingereza ilipofika iliutazama mto kwa jicho lingine. Iliona mstari katika ramani. Kwa sheria ya mwaka 1902 sehemu za mbali za nchi ziliweza kufungwa, mtu asiingie bila ruhusa; na kwa sheria ya mwaka 1934 juu ya wilaya maalumu, wenyeji wenyewe waliwekewa mipaka ya mahali pa kukaa na pa kupita. Nchi yote ya kaskazini ikaitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Katika mwaka 1925 Waingereza waliikabidhi Italia nchi ya Jubaland pamoja na bandari ya Kismayu, na kwa hiyo ukoo mmoja ulijikuta chini ya bendera mbili. Upande wa magharibi, Tana uligeuzwa kuwa boma: Msomali na mifugo yake wakae ng'ambo hii, Muorma ng'ambo ile. Garissa ilikuwa lango la boma hilo. Kazi ya mji wakati huo ilikuwa kuzuia watu wasipite.

Twaweza kuuliza, je, serikali ilikuwa na sababu? Ilikuwa nayo. Ilitaka kuzuia vita vya malisho na maradhi ya mifugo, na kulinda mashamba ya walowezi yaliyokuwa juu. Lakini sheria iliyomzuia mtu asipite ilimzuia pia asifanye biashara, asisome, wala asijuane na mwenziwe. Wakati shule zilipozidi kuwa nyingi katika nyanda za juu, kaskazini shule zilihesabika kwa vidole. Watu wa pande mbili za mto walikua wakisikia habari za wenzao bila kuwaona.

Mara moja tu katika miaka hiyo lango lilifunguliwa wazi, na lilifunguliwa kwa ajili ya vita. Italia ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwezi wa Juni 1940, nchi ya mto Tana iligeuka kuwa uwanja wa kujiandalia. Mwanzo wa mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham, wakiwamo askari wa Afrika Mashariki, wa Nigeria, wa Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, na wa Afrika Kusini, yalivuka nchi hii kavu kuelekea Somalia. Kismayu ilitekwa mwezi wa Februari, Mogadishu mwezi uo huo, na Addis Ababa Aprili 6. Vita vilipokwisha, lango lilifungwa tena kama kwanza.

Uhuru ulipokaribia, swali lililokuwa limefichwa ndani ya boma lilitoka nje. Mwaka 1962 tume ya watu wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Kanada, ilitumwa kuwauliza watu wa kaskazini maoni yao. Ilikuta kwamba wengi wa Wasomali walitaka kuungana na Somalia. Serikali ya Uingereza haikuufuata ushauri huo. Badala yake, mwaka 1963, iliunda Mkoa wa Kaskazini Mashariki ndani ya Kenya, na Garissa ikawa makao yake makuu. Kabla mwaka huo haujaisha, hali ya hatari ilitangazwa, na vita vilivyoitwa vya mashifta vikaanza. Viliendelea hadi mwaka 1967, wakati Kenya na Somalia zilipopatana mjini Arusha kwa usuluhishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Katika muda huo watu walikusanywa katika vijiji vya kulindwa na mifugo mingi ikafa. Mfugaji aliyeingia vitani akiwa na ngamia mia alitoka humo akiwa mgeni wa chakula cha msaada.

Vita vilikoma katika karatasi; sheria za hatari zilidumu hadi mwaka 1991. Hapa, msomaji, yanibidi nikueleze jambo zito, nami sitalifunika, maana historia iliyofunikwa huoza. Mwezi wa Novemba 1980, baada ya watu wenye silaha kuwaua watumishi wa serikali mjini Garissa, majeshi ya usalama yaliuchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi. Wakazi walikusanywa katika uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa hapo kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi waliuawa ambao hawakuwa na hatia yoyote. Mwezi wa Februari 1984 mambo ya namna hiyo, tena makubwa zaidi, yalitendeka katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyaandika yote mawili katika ripoti yake ya mwaka 2013. Na katika mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walitakiwa kuhojiwa juu ya uraia wao na kuchukua kadi ya pekee, ambayo raia mwingine hakuitishwa. Mtu aliyefika darajani bila kadi hiyo alirudishwa au kufungwa katika nchi yake mwenyewe.

Ni katika miaka hiyo hiyo ya mashaka kiti cha askofu kilipowekwa Garissa. Kanisa Katoliki lilifanya nchi hii kuwa eneo la kanisa la pekee tarehe 9 Desemba 1976, na tarehe 3 Desemba 1984 likaipa daraja la dayosisi. Kwa ukubwa wa ardhi hakuna dayosisi ya Kikatoliki katika Kenya inayoishinda. Yaenea Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na sehemu ya Tana River, na Bute imo ndani yake. Kwa wingi wa waumini ni ndogo sana. Waumini hao wengi ni watu wa bara waliokuja kwa kazi: walimu, wauguzi, askari, maseremala na wachuuzi. Kanisa lao kuu limewekwa chini ya jina la Maria, Mama wa Faraja.

Miongoni mwa mapadre waliolihudumia walikuwamo Wakapuchini kutoka kisiwa cha Malta. Paul Darmanin, askofu wa kwanza, alikuwa mtu wa Malta, na Joseph Alessandro aliyemfuata mwaka 2015 pia. Baada yao, mwaka 2022, kiti kilipewa Mkenya, George Muthaka, naye ni Mkapuchini. Habari ya Malta yafaa kukumbukwa. Kisiwa hicho kidogo, katikati ya Bahari ya Kati, kilitawaliwa na Waarabu zamani, na lugha yake mpaka leo ni tawi la Kiarabu, ingawa yaandikwa kwa herufi za Kirumi. Mkristo wa Malta akisali humwita Mungu Alla, na mfungo wa Kwaresima huuita Randan, neno lililotokana na Ramadhani. Basi wageni hao walipofika Garissa na kusikia adhana, walisikia jina ambalo mama zao waliwafundisha utotoni.

Nao hawakuja kuishi kwa raha. Alessandro mwenyewe, alipokuwa padre, alishambuliwa na majambazi barabarani mwaka 1993 na kujeruhiwa vibaya kwa risasi. Alirudi kwao kutibiwa; kisha, baada ya miaka mingi, akakubali kurudi Garissa kuwa askofu.

Wapo pia waliohudumu bila cheo chochote. Annalena Tonelli, mwanamke wa Kiitalia aliyesomea sheria, alikwenda Wajir mwaka 1970 akafundisha shuleni, kisha akajitia katika kazi ya kuwatibu wafugaji wenye kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu huhitaji dawa kwa miezi mingi, na mfugaji hawezi kukaa hospitali mifugo yake ikimngoja. Kwa hiyo wagonjwa walijengewa vibanda vya desturi yao, wakaishi humo mpaka dawa ikaisha. Mauaji ya Wagalla yalipotokea, Tonelli alikwenda kuwatafuta majeruhi na maiti, naye alisaidia habari ile iufikie ulimwengu. Kwa ajili hiyo ilimbidi aihame Kenya. Aliendelea na kazi yake katika Somalia hadi alipouawa mjini Borama mwezi wa Oktoba 2003. Wala hakuhesabu kazi yake kwa idadi ya watu waliobadili dini. Wagonjwa wake waliingia Waislamu, wakatoka Waislamu wazima.

Sasa twafika miaka ya karibu, ambayo wewe mwenyewe huenda waikumbuka, au umesimuliwa na wakubwa wako. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walimiminika kuvuka mpaka, na kambi za Dadaab zikafunguliwa kama kilomita 100 kutoka Garissa. Zilikusudiwa watu 90,000. Wakati wa ukame wa mwaka 2011 walipita 400,000. Mwezi wa Oktoba mwaka huo jeshi la Kenya liliingia Somalia kupigana na kundi la Al-Shabaab, na kundi hilo likaanza kulipiza ndani ya Kenya. Nia yake haikuwa kuua tu. Lilitaka Mkristo na Mwislamu waogopane, kwa maana linajua kwamba penye woga wa namna hiyo hapana mji tena.

Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa kwa wakati mmoja. Katika kanisa moja la Kiprotestanti watu wapatao 17 waliuawa kwa risasi na mabomu ya mkono. Katika kanisa kuu la Wakatoliki mabomu yalitupwa, wachache wakaumizwa. Katika siku zilizofuata, viongozi wa Waislamu walikutana na wa Wakristo, wakapatana kwamba vijana wa Kiislamu watalinda makanisa wakati wa ibada. Jumapili hizo, watu waliokuwa wakiomba Ijumaa msikitini walisimama nje ya mlango wa kanisa, ili jirani zao waombe ndani.

Sisemi kwamba jambo hilo liliuondoa ubaya. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, wakawaua watu 148. Wengi wao walikuwa vijana wa umri unaoukaribia wako, waliotoka kila pembe ya Kenya kutafuta elimu katika mji huo. Chuo kilifungwa. Walimu wengi wa bara walihama mkoa mzima, na madarasa ya Garissa, Wajir na Mandera yakabaki bila wa kuyafundisha. Hapo ndipo wenyeji walipotambua kwa uchungu hesabu ya kweli ya mji wao: mgeni akiondoka, mtoto wa mwenyeji hukosa mwalimu.

Lakini mwezi wa Desemba mwaka uo huo basi liliposimamishwa karibu na El Wak, katika nchi ya Mandera, na abiria wakaamriwa kujitenga Waislamu mbali na Wakristo, Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, naye akafa mwezi uliofuata. Mwezi uo huo wa Januari 2016 chuo kikuu cha Garissa kilifunguliwa tena.

Leo mji waendelea kukua. Katika hesabu ya mwaka 2019 wakazi wake walizidi 160,000. Soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa ya Afrika Mashariki, na ng'ombe waliotembea kutoka Somalia hupakiwa hapo kwenda Nairobi na Mombasa. Ukingoni mwa mto mashine huvuta maji, na matikiti, maembe, ndizi na nyanya hustawi palepale ambapo mvua ilikataa. Jua lenyewe, ambalo kila mgeni hulilalamikia, limetiwa kazini: mtambo wa umeme wa jua uliofunguliwa karibu na mji mwaka 2019 una nguvu ya megawati 50 na zaidi. Kusini ya mji, kwa mwendo mfupi, twiga hula migunga karibu na mbuzi wa wafugaji. Kituo cha zamani cha askari kimekuwa mji wa soko, shule, misikiti na kanisa kuu.

Tukirudi basi kwenye miji ya Ulaya tuliyoitaja mwanzoni, twaona tofauti. Kule askofu aliketi kati ya watu wake, na hadhi ya mji ilitoka kwake. Garissa askofu ameketi kati ya watu ambao wengi si wa dini yake, na usalama wa kiti chake haukutoka katika kuta wala katika bunduki pekee. Umetoka kwa jirani. Kadhalika usalama wa jirani huyo, ambaye kwa miaka mingi alirudishwa darajani kwa sababu ya kadi na sura yake, hautakamilika mpaka Wakenya wa ng'ambo ya pili wamtambue kuwa mwenzao kama alivyowatambua yeye wakati wa hatari. Deni hilo halijalipwa lote. Vizuizi vya barabarani bado viko, na vijana wa kaskazini bado huulizwa maswali ambayo wenzao hawaulizwi.

Mwendo wa mji huu wote ni ushindani wa mawazo mawili juu ya mto mmoja. Wazo la kwanza lasema kwamba Tana ni mpaka, na kazi ya Garissa ni kuzuia. Wazo la pili, ambalo ni la kale zaidi, lasema kwamba Tana ni kivuko, na kazi ya Garissa ni kupitisha. Kila mara wazo la kwanza liliposhinda, mji ulipata majivu, njaa na madarasa matupu. Kila mara la pili lilipopata nafasi, mji ulipata soko, walimu na walinzi mlangoni pa kanisa.

Basi, kijana wa Bute, basi lako likisimama karibu na daraja, usilalamikie joto kwanza. Teremka uyatazame maji. Yalianguka kama mvua juu ya mashamba ya watu ambao hujapata kuwaona, nayo yakwenda kuwanywesha wengine ambao hutawaona kamwe. Upande ule wa mto aweza kuwako mwanafunzi wa Mwingi au Nyeri ambaye naye ana safari ya kuja Garissa kusoma, naye anaiogopa. Mtakapokutana katika darasa moja, msimulie habari za visima vya Wajir, naye akusimulie za mlima wake. Historia ya mji huu itakayoandikwa baada ya hii yategemea maneno mtakayosemezana ninyi wawili siku hiyo.